Mililita 25

Kwa miezi kumi sikuwahi kuyaona maziwa yangu. Nilijua yapo kwa sababu usiku nilimsikia mwanangu akimeza, kwa sababu ya ile mikunjo ya mapajani, kwa sababu kila mwezi nesi alipoweka alama kwenye kadi ya kliniki mstari ulizidi kupanda. Wiki tatu zilizopita ndipo nilipoyaona, chini kabisa ya chupa. Mililita 25. Matiti yote mawili, dakika 20 za kukamua, mlango wa stoo ya mafaili nimeufunga kwa komeo na mgongo nimeuegemeza humo humo mlangoni.

Niliiangalia ile chupa muda mrefu. Nikajiuliza, kumbe siku zote hizi nilikuwa nampa hiki tu?

Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilipokwisha nilirudi kazini hapa hapa Kigamboni, bajaji dakika saba kutoka nyumbani. Saa nne nilitoka kwenda kunyonyesha, saa saba nilitoka tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mama kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku, na mimi nilizitumia zote. Pampu sikuwa na haja nayo. Kisha mwezi wa kwanza nikahamishiwa Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Sasa kati yangu na mwanangu kuna bahari. Saa mbili hizo hazinitoshi hata kwenda na kurudi siku ambayo foleni ya pantoni imekolea.

Nilishauriwa nisihangaike. Mtoto ana miezi kumi, anakula ndizi, anakula uji, anakula samaki aliyechambuliwa, atasubiri jioni. Nikakubali, na wiki ile ya kwanza sikukamua kitu. Jumatatu na Jumanne ikifika saa nane matiti yamekuwa mawe, blauzi imelowa. Ijumaa yakawa laini. Nikashukuru, nikadhani mwili umezoea. Usiku ule mwanangu alivuta, akaachia, akaniangalia, akavuta tena, kisha akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia akikilia kwangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwili haukuwa umezoea. Ulikuwa unafunga duka.

Jumamosi nikaenda Kariakoo kununua pampu ya mkono.

Baada ya zile mililita 25 nilimpelekea nesi wa kliniki yetu swali langu, nikiwa karibu kulia. Akaniuliza mtoto ana umri gani, nikamwambia. Akasema, "Mama, mtoto wa miezi kumi titi la mama yake halijai kama la mwenye kichanga. Maziwa yanatengenezwa mengi wakati ananyonya. Wewe umetumia mashine, mashine haijui kunyonya." Akanieleza kwamba maziwa kuwepo ni jambo moja na maziwa kushuka ni jambo lingine. Kushuka kunategemea homoni ambayo mtoto anaiamsha kwa mdomo wake, kwa harufu yake, kwa ule mkono unaochezea shingo, na inazuiwa na hofu na haraka. Mimi nilikuwa ndani ya stoo nikisikiliza nyayo za wenzangu koridoni. Yangeshukaje?

Kwanza alinifundisha mkono. Kidole gumba juu, vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Unasukuma kuelekea kifuani, ndipo unabana, unaachia. Usiburute vidole kwenye ngozi, utajichubua. Nikimaliza na pampu, narudia mkono, na hapo ndipo yanapotoka yale mazito ya mwisho. Tena akaniambia nikamue alfajiri, wakati mtoto ananyonya upande mmoja mimi nikamue wa pili, kwa sababu mtoto ndiye anayeyaita na pande zote mbili zinaitika.

Hili la alfajiri ndilo lililoniokoa. Saa kumi na moja, feni inazunguka, yeye kafumba macho upande wa kushoto, mimi nakamua wa kulia gizani. Yakianza kushuka huwa nasikia kama sindano ndogo ndogo, kisha yanachuruzika yenyewe. Siku ya nne yalifika 60. Kazini nakamua mara mbili, na kwenye mkoba nabeba kipande cha khanga anayolalia. Nikikinusa, mabega yanashuka.

Joto la mjini ndilo lililonipa kazi. Maelekezo yanasema maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa nne mahali penye nyuzi 25 au chini yake, na mwezi wa pili hapa Dar nyuzi 25 utaziona wapi? Basi nina deli dogo lenye barafu, chupa zinaingia humo tangu stoo, zinavuka maji nami, zinafika kwenye friji. Friji ni siku nne, nyuma kabisa, si mlangoni. Umeme ukikatika hatufungui hovyo.

Mama mkwe wangu, anayekaa na mtoto, hakupendezwa. Neno lenyewe lilimkera. Wanaokamuliwa ni ng'ombe. Siku ya pili alinipigia simu kazini akiwa na hofu kweli kweli. "Mwanangu, maziwa yako yameharibika, yamekatika, juu mafuta chini maji." Nikamwambia, mama, ni mafuta yake tu yamepanda, yaweke kwenye bakuli la maji ya moto, yatikise taratibu, usiyachemshe. Akanyamaza. Nilijua hajashawishika, na sikumlaumu. Kalea watoto sita bila kuyaweka maziwa kwenye chupa.

Chupa yenyewe mtoto aliikataa. Alitafuna chuchu ya mpira kama anayeota meno, akaitupa. Tungehangaika wiki nzima kama bibi yake asingechukua kikombe kidogo cha kahawa, akamkalisha pajani, akamgusisha ukingo mdomoni. Akanywa yote. Mtoto wa umri huu hana haja ya chupa, lakini mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Kuna jingine ambalo bibi aligundua mwenyewe: ukimimina maziwa ya mama kwenye uji mzito uliopoa, baada ya dakika chache uji unakuwa mwepesi. Alidhani dada wa kazi kaongeza maji. Kumbe ndani ya maziwa kuna kimeng'enya kinachovunja wanga. Aliponieleza sauti ilikuwa ya mtu aliyeona jambo la ajabu, na mimi pia naliona la ajabu.

Msimamizi wangu kakubali nitoke nusu saa mara mbili. Namshukuru. Ila stoo ni stoo, ina vumbi, na sinki la kuoshea mikono liko ghorofa ya chini. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha wanaonyonyesha. Yetu inazungumzia muda. Natamani tupate na chumba, hata kidogo, chenye kiti, sinki na soketi.

Juzi jioni kwenye pantoni kulikuwa na mama kambeba mtoto mchanga, mtoto akaanza kulia, na maziwa yangu yakashuka hapo hapo, kabla hatujafika katikati ya maji. Nilijifunika khanga. Sikupima ni mililita ngapi zilizopotelea kwenye blauzi, lakini nilisimama pale nikiwa na furaha, kwa sababu wiki mbili kabla yasingeshuka.

Nilipofika nyumbani nilifungua friji kupanga chupa. Rafu ya juu ilikuwa tupu, imefutwa.

"Samaki nimewahamishia chini," mama mkwe akasema kutoka jikoni. "Huko juu pa mtoto."