Jinsi nilivyotatua kumisi kwa injini ya turbo
Gari langu la zamani lenye turbo lilinguruma vizuri likiwa limesimama, lakini kila nilipokanyaga mafuta na turbo kuanza kusukuma hewa, injini ilimisi na kutikisika. Kompyuta yake ilitoa msimbo P0303, yaani silinda ya tatu haichomi ipasavyo. Badala ya kununua vipuri kwa kubahatisha, jambo linalowagharimu wengi bure, nilibadilishana koili (kifaa kinachotoa umeme wa cheche) ya silinda hiyo na ya kwanza. Msimbo haukuhama, kwa hiyo koili haikuwa na kosa. Nilipofungua plagi ya tatu, ncha yake ilikuwa imelika hadi nafasi ya cheche kufikia milimita 1.1, ilhali nyingine zilikuwa karibu 0.9. Shinikizo ndani ya silinda linapopanda, cheche huhitaji volti kubwa zaidi kuruka nafasi hiyo, na ndiyo maana ilikatika wakati wa mzigo tu. Nilifunga plagi mpya zote nne, za kiwango cha joto alichoelekeza mtengenezaji, zikiwa na nafasi ya milimita 0.7. Kumisi kukaisha. Nguvu, hata hivyo, ilibaki pungufu kidogo, mpaka nilipojaza hewa ya shinikizo dogo kwenye mabomba ya hewa ya turbo, nikapaka maji ya sabuni, na mapovu madogo yakachomoza kwenye mpira wa intakula (kipoozeo cha hewa itokayo kwenye turbo), ambapo klipu ilikuwa imelegea na hewa kuvuja.