Kabla ya penseli, mchanga

Watoto wangu wa darasa la awali hapa Tanga hawaanzi na penseli. Wanaanza kwa kuchambua choroko, kumenya karanga na kufinyanga udongo, maana vidole vikiwa bado legelege, kalamu huwa mateso. Kisha tunaandika mchangani kwa kidole: a, e, i, o, u. Irabu hizo tano zikikaa, silabi hufuata haraka: ma, me, mi.

Msamiati nautafuta sokoni. Mtoto akisema “samaki”, namuuliza: changu au kibua? Anaparwaje? Mapezi yako wapi?

Mzazi nampa kazi moja tu ya jioni: mtegee mwanao kitendawili, halafu msubiri. Msubiri kweli, jamani! Hata akikosea, mwache kwanza aeleze alivyofikiri.