Kuti la Karatasi

Leo ni siku ya nne tangu mavyaa aseme neno lile, na bado nalisikia kila ninaposimama kuosha vyombo. Hakulisema kwa ukali. Alikuwa uani, mkono mmoja umeegemea nguzo ya kibanda, akatazama juu, kwenye kuti langu la karatasi, kwa muda, kisha akasema, "Hilo halifai kuwa paa." Nami nikajibu, "Sawa, Mama," nikapanda ngazi nikaliteremsha mwenyewe.

Mnaonisoma tangu tulipohamia Brooklyn mnajua kwamba kila mwaka, katika majira haya ambayo vitabu vyetu huyaita vuli ingawa kwetu Kilifi vuli ni mvua, baba watoto na mama yake hujenga kibanda kwa ajili ya Sukoti, ile ambayo Biblia yetu inaiita Sikukuu ya Vibanda. Huanza siku tano baada ya mfungo wa Yom Kippur, siku ya toba ya Wayahudi, nasi hula humo kwa siku saba hata baridi ikiuma. Mapambo ni kazi ya watoto: binti yangu hukata karatasi za rangi akaunganisha minyororo, na kitinda mimba hutunga matunda mekundu kwenye uzi, nusu yake akiyala.

Mwaka huu nilitaka na mimi nitie mkono wangu. Nilichana mifuko ya kaki ya dukani kuwa vipande vyembamba, na kwa jioni mbili, nikiwa nimetoka zamu na sare bado mwilini, nikamfundisha binti yangu kusuka kumba kama bibi yangu alivyonifundisha: ukuti mmoja unapita juu, wa pili chini, na kidole gumba kinabana pale ulipoishia ili msuko usilegee. Tulipata kipande cha urefu wa mita moja hivi, ukingo wake umenyooka sana, hata nikakipiga picha nikamtumia dada yangu. Binti alikiita kuti la Bibi wa Kilifi. Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia, tulilitandaza juu ya mkeka wa mianzi unaoezekea kibanda, na hapo ndipo mavyaa alipofika.

Alisema kwa Kiingereza, kama siku zote, lakini mimi nililisikia kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili safari ya kutoka "halifai" hadi "hufai" ni fupi mno. Usiku ule niliimaliza. Nilijiuliza kama binti yangu, aliyekuwa ameshika miguu ya ngazi, aliniona nikiinamisha kichwa, na kama amejifunza kwamba kitu cha upande wa mama yake ndicho kinachoteremshwa. Katika siku hizo hizo baba watoto amepata kazi mpya, nami nimepewa barua ya kuthibitishwa kazini niliyoingoja miaka miwili, na habari zote mbili nimezipokea kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Jana tuliwapeleka watoto Jewish Museum, katika jumba la Fifth Avenue lililokuwa makazi ya familia ya Warburg kabla ya kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1947. Binti yangu alisimama mbele ya vikasha vya fedha vya kuhifadhia etrogi, lile tunda la jamii ya limau linaloshikwa katika sala za Sukoti pamoja na kuti changa la mtende, akauliza kwa nini tunda lilazwe ndani ya fedha. Mavyaa alichuchumaa, na magoti yake mnayajua, akamweleza kwamba etrogi iliyokua na kinundu chake kidogo kwenye ncha, kinundu hicho kikikatika, huwa haifai tena kwa sala, hata kama harufu yake ingali ile ile. "Haifai," alisema, kwa sauti ile ile ya Ijumaa, akizungumzia tunda analolipenda kuliko yote. Kisha akaendelea, bila kuulizwa, kwamba paa la kibanda nalo lina sheria yake. Liwe ni kitu kilichoota ardhini kikakatwa, wala kisiwe kimegeuzwa kuwa kitu kingine kama karatasi ilivyogeuzwa. Kivuli chake kizidi jua, lakini ni vizuri nyota zionekane kupitia humo.

Nilibaki nyuma yao nimeshika makoti, na bibi yangu akanijia pale pale. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimesuka kuti langu la kwanza, wageni wamekaa barazani, naye akalinyanyua juani, akalitazama, akasema, "Hili litavuja," akalifumua lote mbele yao. Sikulia. Nilisogea karibu yake zaidi nikaanza upya. Najiuliza tangu jana kwa nini neno lile nililipokea kwa mama mmoja nikashindwa kulipokea kwa mwingine, na jibu ninaloliogopa ni kwamba miaka yote hii nimemwita Mama bila kumpa nafasi ya kunikosoa kama mama.

Asubuhi ya leo nilipotoka na vikombe nililikuta kuti limetundikwa ndani ya kibanda, ukutani, mkabala na kiti changu. Pini nne, moja kila pembe, na ukingo umenyooshwa sambamba na ubao. Binti anasema Bibi, yaani mavyaa, alitumia rula. Sukoti inaanza jua likizama, na bado sijamshukuru.

Nilipokuwa nikitundika uzi wa matunda nilimwita kitinda mimba mara tatu, naye alikuwa amesimama hatua mbili tu, sikio lake la kushoto likiwa upande wangu. Hakugeuka. Nilipozunguka upande wa kulia nikamwita kwa sauti ya chini, aliitika mara moja. Nimepata miadi ya daktari Alhamisi asubuhi, na sijamwambia baba yake.