Siku moja maishani mwangu: kutafuta maji kutoka kilomita 693 juu

Saa 10:40 alfajiri

Simu ya zamu ina mlio wake, na masikio yangu yalishauzoea kiasi kwamba hunishtua hata nikiwa usingizi wa pono. Ujumbe ni mfupi: mto mkubwa umevunja kingo zake usiku, kitengo cha maafa cha nchi husika kimeomba msaada, ombi limekubaliwa, na mimi nimepangwa kuwa msimamizi wa mradi. Nchi sitaitaja. Wenyewe wako kwenye msiba na sina ruhusa ya kuwasemea.

Kazi yangu ni kuchambua picha za setilaiti, hasa za rada. Siku nyingi nashughulika na takwimu za muda mrefu za mabadiliko ya tabianchi, zile ambazo mtu husubiri mwaka mzima kuona mstari umepanda kidogo. Ila wiki niliyo kwenye zamu, ombi kama hili likiingia, mengine yote hukaa pembeni.

Limekuja kupitia Mkataba wa Kimataifa wa Anga za Juu na Maafa Makubwa. Wazo la mkataba huu lilizaliwa kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Vienna mwaka 1999. Mashirika ya anga ya Ulaya na Ufaransa yakaanza, Kanada ikaingia, na tangu Novemba 2000 kuna mtu anayepokea simu saa 24. Leo wanachama ni 17: Marekani wamo, China wamo, Urusi wamo, India, Japani, Brazili, Argentina wamo. Kwenye taarifa za habari baadhi yao hawasemezani. Kwenye orodha ninayoifungua alfajiri hii setilaiti zao zimepangwa pamoja, na picha zao hutolewa bure kwa aliyepatwa. Tangu mwaka 2012 mamlaka ya maafa ya nchi yoyote ile inaweza kuomba, hata kama nchi hiyo haijawahi kurusha chochote angani. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado jambo hilo hunigusa kila simu inapolia.

Saa 11:15 alfajiri

Naanza na picha ya zamani. Anayejifunza kazi hii hukimbilia picha mpya, halafu anakwama, maana maji ya mafuriko na maji ya ziwa yana sura moja. Bila kujua jana palikuwaje, huwezi kusema leo pamefurika.

Nayo lazima iwe imepigwa kwenye njia ile ile. Rada hutazama ubavuni, haitazami chini moja kwa moja, hivyo vilima vyenye miteremko mikali huacha kivuli upande mmoja. Ukilinganisha picha za njia mbili tofauti, vivuli vinahama na wewe unadhani ni maji. Kila setilaiti ya rada ya Ulaya ya aina ya Sentinel-1 hurudia njia yake kila baada ya siku 12. Naipata picha ya mzunguko uliopita, naishusha, naiweka tayari.

Landsat na Sentinel-2, setilaiti zinazopiga picha kwa mwanga wa jua, naziacha kwa sasa. Siku ya jua ni nzuri mno, lakini mafuriko na mawingu huja pamoja.

Saa 12:00 asubuhi

Setilaiti za aina ya Sentinel-1 zimepangwa zipite sehemu nyingi za dunia karibu na mapambazuko na machweo. Kwa saa zetu ni karibu na saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na huwa napenda kufikiri kwamba setilaiti nayo inahesabu siku kama sisi. Ipo kilomita 693 juu. Inatuma mawimbi ya urefu wa takriban sentimita 5.5, ambayo hupenya wingu na hayahitaji mwanga, na inafyeka ukanda wenye upana wa kilomita 250. Eneo lote ninalolihitaji linapitiwa kwa muda usiofika dakika moja.

Chini kule watu wako juu ya mapaa na hakuna anayejua kwamba imepita.

Saa 3:20 asubuhi

Picha imefika. Ni ya kijivu, imejaa chengachenga kama mchanga uliomwagwa kwenye kioo. Nazichuja kwanza, kwa uangalifu, maana ukichuja kupita kiasi unafuta na vijito.

Maji yaliyotulia ni kama kioo cha kujitazamia: wimbi la rada likiyapiga kwa mshazari linaruka upande wa pili, halirudi. Kwa hiyo maji yanakuwa meusi, na ardhi yenye mabonde, majani na nyumba inarudisha mwangwi, inang'aa. Nikichora grafu ya idadi ya pikseli, yaani nukta za picha, kwa kiwango cha mwangwi napata vilima viwili, kimoja cha maji na kimoja cha nchi kavu. Kazi yangu ni kutafuta bonde katikati yake na kukata hapo. Nikikata kushoto mno, nawaambia watu walio majini kwamba wako salama. Nikikata kulia mno, napeleka mashua kwenye shamba kavu.

Leo bonde halijakaa vizuri. Kilima cha maji kimetandaa, na najua sababu: upepo. Sehemu ya magharibi ya bwawa kubwa, ambalo najua ni maji tangu picha ya zamani, inang'aa kama nchi kavu kwa sababu ya mawimbi madogo juu yake. Ikiwa bwawa limenidanganya, mashamba yaliyofurika pembeni yake yananidanganya pia. Nagawanya picha vipande, kila kipande nakikata peke yake. Saa moja na nusu inakwisha hapo.

Saa 5:00 asubuhi

Kuna kitu kingine kinanisumbua, nacho ni ukanda wa miti kando ya mto. Kwenye ramani yangu ni mkavu kabisa, huku pande zote mbili zikiwa maji. Haiwezekani. Maji hayaruki miti.

Mawimbi mafupi ya sentimita 5.5 ya Sentinel-1 huishia kwenye majani ya juu. Ya rada ya Japani, ALOS-2, ni ya takriban sentimita 23. Hayo hupita kwenye majani, yakagonga maji chini, yakagonga shina la mti, yakarudi kwa nguvu. Msitu uliofurika, badala ya kuwa mweusi, unawaka. Nimeomba picha yake tangu alfajiri, na saa tano na robo inaingia. Ukanda wote unawaka. Mpaka wa mafuriko kwenye ramani yangu unasogea, na vijiji vitatu vilivyokuwa upande wa usalama sasa viko ndani ya maji.

Hapa ndipo ninapouona ushirikiano kwa macho. Setilaiti ya watu hawa iliona nusu ya maji, ya watu wale ikaona nusu nyingine, na kilichoziunganisha ni makubaliano ya kupeana picha.

Kabla ya kutuma napitia vitu vyeusi vyote kimoja kimoja. Miaka michache nyuma niliupaka uwanja mdogo wa ndege rangi ya mafuriko. Lami ni laini, rada inaiona nyeusi kama maji, nami nilikuwa na haraka. Ndege ya misaada ikaelekezwa kwingine kabla mtu wa huko hajapiga simu kusema uwanja ni mkavu. Tangu hapo, mstari wowote mweusi ulionyooka naukagua mpaka niridhike.

Saa 7:10 mchana

Napigiwa simu na ofisa wa maafa aliyeko eneo la tukio. Nyuma yake nasikia injini ya mashua.

"Dada, ramani nimeiona, asante sana. Lakini faili ni zito, hapa mtandao unakuja na kukatika."

"Pole, kaka. Nikutumie picha nyepesi, ya kufungua kwenye simu?"

"Hiyo ndiyo. Na kingine, mto umeuchora bluu, mafuriko bluu. Vijana wangu wanashindwa kujua lipi ni lipi. Na sisi tunataka barabara. Ipi inapitika."

Nimetumia saa nane na teknolojia ya kutoka mabara mawili, na kilichobakia kati yangu na watu walio juu ya mapaa ni rangi na uzito wa faili. Mafuriko nayageuza mekundu. Barabara nazikata vipande: iliyo chini ya maji, iliyo kavu, isiyojulikana. Naongeza majina ya shule zilizo kwenye miinuko. Picha yote inapungua mpaka inatosha kwenda kwa ujumbe wa simu. Nadhani sisi wa upande wa kompyuta tungefundishwa hili mwaka wa kwanza, kabla ya hesabu zote.

Saa 9:00 alasiri

Ramani ziko njiani, kwa hiyo nina saa mbili za kazi yangu ya kila siku: usawa wa bahari.

Mnamo Agosti 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha TOPEX/Poseidon, setilaiti ya kupima urefu wa uso wa bahari kwa kuhesabu muda ambao mwangwi wa rada hutumia kwenda na kurudi. Ikafuata Jason-1, kisha Jason-2, Jason-3, na mwaka 2020 ikaruka Sentinel-6 Michael Freilich. Zote zimepita njia ile ile, kilomita 1,336 juu. Mstari wake unaonyesha bahari imepanda takriban sentimita 10 tangu 1993, na mwendo wa kupanda sasa ni karibu mara mbili ya ulivyokuwa mwanzoni.

Sentimita 10 ni upana wa kiganja. Kuuamini upana huo juu ya bahari nzima, kupitia setilaiti tano, kunataka kitu ambacho wengi hawakifikirii: mpya na ya zamani lazima zikutane. Sentinel-6 ilipofika juu iliwekwa nyuma ya Jason-3 kwa sekunde 30 tu, zikapima maji yale yale kwa mwaka mzima, ili tofauti ya vifaa isije ikahesabiwa kama kupanda kwa bahari. Ingekosekana setilaiti moja katikati, uzi ungekatika, na hakuna njia ya kurudi nyuma kuipima bahari ya mwaka uliopita.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mafuriko ya leo yameletwa na mabadiliko ya tabianchi, huwa sijibu kwa picha ya leo. Hewa ikipata joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua kubwa inakuwa na cha kumwaga. Hilo ni fizikia. Kujua mvua imebadilika kiasi gani mahali fulani kunataka miaka 30 ya vipimo visivyokatika. Ndiyo sababu naumia nikisikia mradi wa setilaiti unaahirishwa kwa kukosa fedha. Sentinel-1B iliharibika Desemba 2021, mwenzake wa kuziba pengo akaruka Desemba 2024. Miaka mitatu, sehemu nyingi za dunia zilipata picha za rada hiyo kwa nadra zaidi.

Na nina jambo jingine moyoni. Mkataba ulioniamsha leo haushughulikii ukame. Umeandikwa kwa maafa ya ghafla, na ukame huja polepole. Setilaiti za kuuona zipo: GRACE ya Marekani na Ujerumani tangu 2002, na sasa GRACE-FO, mbili zinazofuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi na kupima jinsi umbali huo unavyobadilika kwa mvutano wa ardhi na maji yake, ili zijue maji yamepungua kiasi gani chini ya ardhi. Takwimu ziko wazi kwa yeyote. Ila hakuna simu inayolia saa kumi alfajiri kwa ajili ya kisima kinachokauka kwa miaka mitano, nami naamini ingepaswa kuwepo.

Saa 12:45 jioni

Picha ya jioni, ya kundi la setilaiti tatu za rada za Kanada zilizorushwa mwaka 2019. Naiweka juu ya ile ya asubuhi. Upande wa juu wa mto maji yameanza kurudi; chini, karibu na makutano, yameongezeka na yanakaribia daraja. Natuma ujumbe wa maneno kwanza, ramani baadaye: daraja la makutano, angalieni usiku huu.

Saa 2:30 usiku

Namkabidhi mwenzangu wa zamu: picha zipi zimekuja, zipi tunazisubiri, wapi upepo umetuvuruga. Niko mlangoni simu inapotikisika. Ni ofisa yule. Ametuma picha ya ramani yangu iliyochapishwa, imetiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ina matone ya maji na alama ya kidole cha matope. Kwenye kona ya kaskazini amechora duara kwa kalamu na kuandika: "Hapa pia maji, dada. Kaya kama arobaini."

Narudi kwenye kiti. Nafungua picha ya asubuhi, navuta karibu mpaka pikseli zinaonekana mojamoja. Ni bonde jembamba, ubavuni mwa kilima, ndani ya kivuli cha rada, ambako setilaiti ile haikuona chochote, na kwa kuwa palikuwa peusi hata kwenye picha ya zamani, programu yangu ikaandika "kavu". Nalipaka jekundu, naandika pembeni "limethibitishwa na watu walioko eneo la tukio", nahifadhi kama toleo la 4, natuma. Kisha namwonyesha mwenzangu vivuli vingine vyote vya upande huo wa kilima, naye anaanza kuvihesabu.