Jasho si mafuta: ngozi inayong'aa kwenye joto la Dar

Kuanzia Desemba hadi Machi, shuka kwenye daladala Kariakoo saa saba mchana: karibu kila uso unang'aa. Wengi hujihukumu hapo hapo kwamba wana ngozi ya mafuta, kumbe kinachong'aa ni jasho tu. Kabla hujanunua chochote, tenganisha hivyo viwili.

Jasho ni maji na chumvi. Kaa mbele ya feni, litakauka. Mafuta hayakauki. Hutengenezwa na tezi ndogo zilizoshikamana na mashina ya vinyweleo, zilizojaa zaidi usoni, kichwani, kifuani na mgongoni. Viganjani na kwenye nyayo hazipo kabisa. Zinaendeshwa hasa na androjeni, yaani homoni za kiume ambazo wanawake nao wanazo, ndiyo maana mtu akibalehe mafuta huongezeka. Mafuta hayo si uchafu, ni kinga.

Jipime jioni. Osha uso, usipake kitu, kaa penye feni kwa muda wa saa moja, kisha bandika tishu kavu kwenye paji, pua, mashavu na kidevu. Ikilowa mafuta kila mahali, ngozi yako ni ya mafuta. Ikilowa paji, pua na kidevu pekee, ni mchanganyiko, na mashavu usiyaoshe kwa nguvu ile ile.

Kinachoharibu nyuso nyingi ni sabuni. Sabuni ya mche, na nyingi za kipande, zina pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali) ya 9 hadi 10, wakati uso wa ngozi uko karibu na 5. Ngozi ikikakamaa baada ya kuoshwa watu husema imetakata. Hapana, utando wake wa juu umeumizwa. Baada ya saa chache mafuta yamerudi, maana tezi hazikuguswa, na sasa kuna mwasho juu yake. Mtu anaosha tena, mara ya nne, mara ya tano.

Mara 2 kwa siku zinatosha, pamoja na baada ya jasho jingi. Tumia sabuni laini ya maji ya uso, kiasi cha punje ya harage, kwa ncha za vidole, sekunde 30 hadi 60. Suuza mpaka kwenye mstari wa nywele. Povu linalobaki pale huwasha. Mchana, kwenye foleni, bandika tishu bila kusugua.

Kwa vitundu vilivyoziba, asidi ya salisiliki ya 2% hufaa kwa sababu huyeyuka ndani ya mafuta na kuingia kitunduni. Anza usiku 3 kwa wiki. Niasinamaidi, aina ya vitamini B3, ya 4% au 5% husaidia wengine, ila usianze zote wiki moja: ngozi ikiwasha hutajua mkosaji. Zipe wiki 8.

Bado unahitaji losheni, ya jeli yenye glisarini. Mafuta ya nazi ya nywele yakichuruzika kwenye paji huleta vipele kwenye mstari wa nywele, kwa hiyo funga kitambaa unapolala. Asubuhi paka kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, mistari miwili iliyochorwa kwa urefu wa vidole viwili, mmoja kila kidole, kwa uso na shingo. Ngozi yetu chunusi ikipona huacha doa jeusi, na jua hulikoleza.

Limau usoni, acha. Ni asidi kali, na ukitoka nalo juani linaweza kukuunguza. Mkorogo ndio mbaya zaidi: steroidi zilizomo, dawa za kutuliza uvimbe, hutuliza chunusi mwanzoni, kisha huzileta nyingine nyingi.

Vipele vikubwa vyenye maumivu, makovu, au hedhi isiyo na mpangilio pamoja na ndevu kidevuni, ni vya kupeleka kwa daktari. Vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi kali, hupunguza tezi zenyewe, lakini humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Usivinunue dirishani bila daktari kukupima na kukufuatilia.