Wiki tano Mbagala: nilivyolea kikundi cha vijana chipukizi katika likizo ya Juni

Vijana wa Ulaya na Marekani wanaofuata dini ya Kibahai kama mimi hukutana Julai na Agosti, majira ya joto yanapowapa nafasi ya kusoma pamoja na kuihudumia jamii. Sisi wa Dar es Salaam joto tunalo karibu mwaka mzima, kwa hiyo nafasi yetu ni likizo ya Juni, shule zinapofungwa, mvua za masika zimekatika na upepo wa kipupwe umeanza kupunguza makali ya jua. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, na nilikubali kushiriki programu ya wiki tano huko Mbagala nikiamini kwamba, kwa kuwa nilikuwa najifunza kufundisha, sehemu ngumu ya kazi ilikuwa imekwisha.

Tulikuwa vijana kumi na mmoja. Wasichana tulilala katika nyumba ya familia moja ya Kibahai karibu na Kizuiani, na wavulana walipokewa kwa jirani. Wiki ya kwanza ilikuwa ya mafunzo na nne zilizofuata zilikuwa za huduma, ingawa baadaye tuliona kwamba mambo hayo mawili hayatengani kirahisi kama ratiba ilivyoyatenga. Tulisoma vitabu vya Taasisi ya Ruhi, ambavyo chimbuko lake ni Colombia na ambavyo sasa vinatumiwa na Wabahai wa nchi nyingi. Kitabu cha kwanza kinahusu kuyaelewa Maandiko, sala, na maisha ya roho. Cha tano kinamwandaa mtu kulea kikundi cha vijana wa miaka 12 hadi 15, ambao tunawaita chipukizi. Wabahai hawana mapadri wala masheikh, hivyo kila muumini anawajibika kujifunza kusoma na kutafakari mwenyewe. Na kwa sababu miaka 15 ndio umri wa kukomaa kiroho, ambapo sala na funga huwa faradhi kwa Mbahai, ile miaka mitatu ya kabla yake inatazamwa kama kizingiti: mtoto anaanza kuuliza maswali mazito, na mara nyingi hana wa kuyasikiliza.

Kabla ya kumgusa mtoto wa mtu tulikwenda kwa mjumbe, naye akatupeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mzee mpole ambaye hakuwa na haraka. Aliposikia neno "chipukizi" alidhani tunazungumzia watoto wa chama, na ikabidi tueleze taratibu kwamba Wabahai hatujiingizi katika siasa za vyama, ingawa tunatakiwa kuitii serikali ya nchi tunamoishi. Kisha akauliza maswali mawili ambayo naamini kila mzazi wa mtaa ule alikuwa nayo kichwani: nani anatufadhili, na kiongozi wetu wa dini ni nani. Nilimjibu kwamba mfuko wa Wabahai hupokea michango ya Wabahai wenyewe tu, na kwamba badala ya kiongozi mmoja tuna baraza la watu tisa linalochaguliwa kila mwaka mwezi wa Aprili kwa kura ya siri, bila wagombea na bila kampeni. Hilo la bila kampeni aliomba nilirudie. Alipotoa maoni kwamba dini yetu ni mpya hapa mjini, nilimweleza kwamba baraza la kwanza la Dar es Salaam lilichaguliwa mwaka 1952, miaka tisa kabla ya Uhuru. Alinyamaza kidogo, akatuandikia barua, akaigonga muhuri.

Barua ile ilitufungulia milango, lakini haikutuliza mioyo ya wazazi. Nyumba ya nne niliyobisha hodi ilikuwa ya bibi mmoja aliyekuwa akiwalea wajukuu watatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, nimekuelewa. Lakini hawa ni watoto wa Kiislamu, na mimi nitaulizwa juu yao. Unataka kuwapeleka wapi?"

Swali hilo lilistahili jibu la kweli, si la kumridhisha. Nilimwambia kwamba katika vitabu vile Mungu anatajwa na kumwomba kunatajwa, na kwamba sitamficha hilo. Kwamba lengo si kumbadilisha mtoto dini bali kumzoeza kusoma kwa kuelewa, kusema anachofikiri bila kuogopa, kupambanua jema na baya, na kuwafaa wenzake. Nikamwambia pia kwamba mafundisho ya Bahá'u'lláh, mwanzilishi wa dini yetu, yanatutaka tuamini kuwa mitume wote wametoka kwa Mungu mmoja, kwa hiyo nisingeweza kumfundisha mtoto kuidharau dini ya bibi yake hata kama ningetaka. Akafikiri. "Basi msomee hapa barazani," akasema, "nisikie kwa masikio yangu."

Wiki nzima ya kwanza ya kikundi ilifanyika pale barazani. Bibi alikaa pembeni na ungo wake akichambua mchele, na sina shaka hakupitwa na neno. Ni yeye pia aliyetuokoa kwenye suala la muda. Sisi tulikuwa tumepanga kukutana saa tisa alasiri, na bibi akatuambia wazi kwamba saa hiyo hatutampata mtoto hata mmoja, kwani kuanzia saa nane wengi wapo madrasa, na asubuhi na mapema wasichana wako bombani na madumu. Tukahamishia vikundi saa nne hadi saa sita, na masomo yetu wenyewe, ambayo tulizoea kuyafanya asubuhi, tukayasukuma hadi baada ya magharibi. Tulisinzia vitabuni siku mbili tatu, kisha tukazoea.

Kilichoshindikana mwanzoni kilikuwa kwangu mimi. Siku ya kwanza walikuja watoto kumi na wanne, na nilipofika walisimama wote kwa pamoja na kuitikia, "Shikamoo, madam!" Moyoni nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyonipotosha. Nilisimama mbele yao, nikasoma kwa sauti, nikaeleza maana ya kila aya, nikauliza "mmeelewa?" nao wakajibu "ndiyo" kwa sauti moja, kama darasa lolote la Tanzania linavyojibu. Siku ya pili walikuja kumi. Siku ya nne walikuja sita, na wawili kati yao walikuwa wajukuu wa bibi, ambao hawakuwa na njia ya kukwepa kwa kuwa baraza lilikuwa lao.

Usiku ule nilimweleza kaka aliyekuwa mkufunzi wetu kwamba watoto wa mtaa ule hawana moyo wa kusoma. Hakunikemea. Aliniuliza kitu kimoja tu: katika saa mbili za leo, wao walisema dakika ngapi? Nilijaribu kukumbuka, nikaona haya. Akaniambia kwamba kitabu cha tano, nilichokuwa nimekimaliza siku chache tu zilizopita, hakimwiti mlezi wa kikundi mwalimu kwa sababu kazi yake ni nyingine: awe kama dada wa kweli, anayewadai wenzake mengi lakini anakaa nao chini. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma na kulijibia swali lake kwa mwandiko mzuri, na sikuwa nimelifanya.

Kesho yake nilikaa mkekani. Hadithi ya kitabu cha kwanza cha chipukizi wenyewe inahusu vijana wa Kiafrika wa umri wao, na wazo linaloipitia yote ni uthibitisho, yaani kwamba mtu akijitahidi kwa nia safi, Mungu humpa msaada na njia hufunguka. Nilimpa kitabu binti mmoja wa miaka 13, mkimya, ambaye hadi siku hiyo sikuwa nimesikia sauti yake. Alisoma akiwa ameweka kidole chini ya mstari, silabi kwa silabi, na mkono wangu wa kialimu ulikuwa unawasha kumsaidia. Nikajizuia. Aliposoma neno "uthibitisho" alisimama, akasema, "Hili nalijua. Mama alikwenda kuthibitisha namba ya kitambulisho, wakamwambia arudi." Mwenzake akadakia kwamba hapa si kitambulisho. Wakaanza kubishana: kama mama yake alijitahidi, akaamka alfajiri, akapanga foleni, na bado akaambiwa arudi, uthibitisho wake uko wapi? Mmoja akasema aliupata alipokwenda mara ya tatu. Binti akakataa: aliupata ile siku ya kwanza, kwa kuwa ndiyo siku aliyoamua kutokata tamaa. Sikuwa nimesema lolote kwa robo saa nzima. Bibi alikuwa ameacha kuchambua mchele.

Idadi haikurudi kumi na nne. Ilipanda hadi tisa, kisha kumi na mmoja, na ikakaa hapo. Nilijifunza kuridhika nayo.

Kila kikundi hufanya mradi mdogo wa huduma, na kosa letu la mradi lilifanana kabisa na kosa langu la barazani. Sisi wakubwa tuliona mtaro ulioziba mita chache kutoka bombani, tukaamua kwamba ndio utakaozibuliwa. Tuliwaandaa watoto, tukaazima majembe na mabeleshi, tukatoa tope jeusi na mifuko asubuhi nzima, tukapiga picha. Tope tuliliacha ukingoni kwa kuwa hatukuwa tumefikiria nani angelizoa. Ndani ya siku nne pikipiki na miguu ya watu vilikuwa vimelirudisha karibu lote ndani. Mama lishe mwenye banda pembeni alitutazama tukilikagua, akasema bila ukali, "Wanangu, mngeniuliza tu."

Tukamuuliza. Safari hii tulikwenda na chipukizi wenyewe, na kabla ya kwenda tuliwaeleza namna Wabahai wanavyotakiwa kushauriana: kila mtu aseme kwa uwazi na kwa adabu, asichukie anapopingwa, na wazo likishatolewa liwe la wote, asibaki mtu kulitetea kwa sababu ni lake. Mama alieleza kwamba yeye na wenzake wawili humwaga mtaroni maji ya kuoshea vyombo kwa sababu hawana pengine pa kuyamwaga, na kwamba mabaki ya chakula na mafuta ndiyo yanayoshika mchanga na takataka hadi njia inaziba. Alikumbuka kipindupindu cha mwaka 2015 kilivyowafanya wateja wakimbie mabanda yote, hata yaliyo safi. Hakupenda kumwaga pale. Mvulana mmoja, ambaye baba yake ni fundi ujenzi, akasema kwa aibu kwamba kwao kuna shimo la kunyonya maji machafu.

Baba yake alikuja Jumamosi na sururu yake. Ardhi ya Mbagala ni ya kichanga, na alisema hilo ni jambo la heri kwa shimo la namna hiyo kwa sababu maji huzama upesi. Tulichimba hadi kimo cha kiuno, mbali na bomba na mbali na msingi wa nyumba. Watoto waliokota vipande vya matofali na vifusi wakivileta kwa ndoo na toroli, na fundi akawaonyesha kuvipanga vikubwa chini na vidogo juu. Kisha akafanya jambo ambalo nisingeliwaza: alichukua ndoo kuukuu, akaitoboa matundu chini kwa msumari wa moto, akaijaza nyasi kavu na kuiweka mdomoni mwa shimo. Maji machafu yanamwagwa humo, nyasi zinashika mafuta na punje za wali, na maji yanayopita yanazama. Nyasi zisipobadilishwa kila wiki, alionya, mafuta yataziba shimo na mtakuwa hamjafanya kitu.

Kwa hiyo huduma yetu ikawa ni nyasi. Watoto walijipangia zamu wenyewe, wawili wawili, na mama lishe ndiye aliyekuwa akihakiki. Mtaro tuliuzibua tena, na safari hii kwa viroba, na mwenyekiti akatusaidia kupata mtu wa kuvizoa ile Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi.

Kati ya tuliyoyakariri jioni, kuna maneno ya Bahá'u'lláh yenye maana kwamba pambo la mtu liwe matendo yake, si maneno yake. Nilikuwa nimeyajua tangu utotoni. Wiki ile nilikuwa nikiyasema huku viganja vyangu vina malengelenge ya mpini, na niliyasema polepole zaidi.

Likizo ilipokwisha nilirudi chuoni. Dada wawili wa mtaa uleule, mmoja Mbahai na mwingine Mkristo wa Kilutheri, walikuwa wameanza kitabu cha tano na wakakichukua kikundi, kikawa kinakutana Jumamosi, saa nne, barazani kwa bibi. Mwezi wa Septemba nilipigiwa simu kwa namba nisiyoifahamu. Alikuwa yule binti wa miaka 13, akitumia simu ya mama yake, na alikuwa na haraka kwa sababu salio lilikuwa dogo. Hakuniita madam. "Dada, shikamoo. Nyasi za pale uwanjani zimekwisha, jua kali. Fundi anasema hata makumbi ya nazi yanafaa. Tujaribu?"

Nikamuuliza wenzake wanasemaje.