Panda kwa kalenda ya kodi: bustani ya mpangaji uani

Wapangaji wenzangu, leo ni zamu yetu. Wale wenye viwanja Goba na tenki la lita elfu tano mtatusamehe, nyie mna ushauri wenu huko. Mi naongelea uani kwenye nyumba ya kupanga hapa Dar, familia kadhaa uwanja mmoja, karo la kufulia ni hilo hilo, kamba za nguo zimepishana juu kwa juu, chemba iko katikati, afu pembeni ya ukuta kuna kale kasehemu ambako kila mtu anamwaga maji ya vyombo. Hapo ndo shamba lilipo.

Video nyingi za kilimo cha nyumbani zinaruka kitu kimoja, nacho ni kodi. Mtu anakwambia panda parachichi la kisasa, miaka mitatu tu unaanza kula. Miaka mitatu! Mi nalipa miezi sita sita, mwenye nyumba akiamua mwanae anaoa na anataka vyumba vyake, naondoka na vyombo vyangu, parachichi linabaki linamsubiri bwana harusi. Kwa hiyo kabla hujauliza udongo wako wa aina gani au jua linatokea upande upi, chukua mkataba uangalie umebakiza muda gani, hiyo ndo kalenda yako, masika na vuli zinafuata baadaye.

Ukishapiga hesabu hivyo mambo yanajipanga yenyewe. Mchicha ndo mboga ya mpangaji namba moja, unamwaga mbegu na wiki tatu hadi nne unaanza kung'oa, yaani hata ukiwa umeshapewa notisi ya mwezi bado unaweza ukapanda na ukala. Matembele hata mbegu hununui, unaomba marando kwa mtu, unakata vipande vya kama futi moja unafukia nusu yake, yanazubaa siku za mwanzo lakini yakishashika unachuma ncha tu na yenyewe yanatoa tena na tena mpaka unaanza kuwagawia watu usiowapenda. Chainizi mwezi na nusu hivi toka uhamishe miche. Bamia karibu miezi miwili, na ikianza kuzaa uwe unaipitia kila baada ya siku mbili maana ukiisahau inakomaa na hailiki. Nyanya na nyanya chungu weka miezi mitatu. Papai hapo sasa ni miezi tisa kumi, mgomba mwaka. Mwenye mkataba wa miezi sita akipanda mgomba anampandia mwenye nyumba, ni sawa tu kama una moyo huo.

Na miti ina siasa yake. Wenye nyumba wengi ukiwaambia unataka kupanda mchicha wanacheka, ukitaja mti uso unabadilika. Wana sababu. Viwanja vingi mjini hapa vimeuzwa kwa karatasi ya mkono na mashahidi wawili, na mnazi au mwembe ndo ulikuwa unaonyesha nani alikaa pale toka zamani, hata eneo likichukuliwa kwa ajili ya barabara mazao yaliyomo yanahesabiwa kwenye fidia. Sasa mpangaji akianza kuchomeka miembe uani mzee hawezi kulala. Na hapo hujaongelea mizizi kwenda kwenye chemba.

Mama mwenye nyumba wangu alinikuta siku moja namwagilia akasimama, akaangalia weee, akasema, "Mwanangu, na huo mpapai nao umeuleta wewe?" Nikamwambia shikamoo mama, huo umejiotea wenyewe kwenye maganda. Akasema marahaba, basi na uwe wangu. Tukaelewana hivyo hivyo, mpapai wake, mchicha wangu, yakiiva tutaonana. Mumewe yeye hana neno kabisa, ni mzee wa zile kampeni za serikali, Siasa ni Kilimo ya 1972 na ile Kilimo cha Kufa na Kupona iliyokuja baada ya ukame, enzi ambazo hata karani wa ofisini alitakiwa awe na shamba lake, kwa hiyo akiniona na jembe asubuhi kabla ya kazi anaona ndo maisha yalivyo, walioacha ni sisi.

Tuje kwenye udongo sasa, maana hapa ndo wengi wanakata tamaa. Udongo wa nyumba nyingi za huku ni kichanga, unamwagilia maji yanapotelea chini, na ukichimba kidogo tu unakutana na wapangaji wote waliokutangulia: vipande vya tailizi, misumari, betri za redio, soksi ya mtoto, na rambo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 lakini huko chini rambo bado mpya kabisa, nyeusi, imejikunja, mi nimevuta moja ikatoka na mzizi wa tembele umelala bapa juu yake, umetambaa kutafuta pa kupenyea ukakosa ukageukia pembeni. Sasa mmea wako ukidumaa unafikiri ni mbolea kumbe umepanda juu ya rambo la mtu wa mwaka 2010. Zitoe zote, usivivie. Na pale penye betri zilizooza au palipokuwa panamwagwa rangi na oili, mboga ya majani usipande chini kabisa, weka kiroba.

Kiroba ndo rafiki wa mpangaji. Chukua kile kikubwa cha kilo 50, uchanganye udongo ndoo mbili na samadi iliyooza ndoo moja. Afu tafuta kopo la rangi, litoe kitako libaki bomba, lisimamishe katikati ya kiroba, ndani ya kopo weka kokoto, nje yake weka udongo. Ukifika usawa wa kopo livute juu taratibu, kokoto zinabaki, unajaza tena, unavuta tena, mpaka juu. Hapo una mhimili wa kokoto toka juu mpaka chini, maji ukimwaga pale katikati yanafika hadi kwenye udongo wa chini kabisa. Bila hivyo juu kunakuwa tope na chini kukavu, na ile miche unayochomeka ubavuni kwenye matundu unayotoboa inakufa ya kwanza. Wenzetu wa Kibera kule Nairobi waliipokea sana staili hii 2008 baada ya vurugu za uchaguzi, vyakula vikiwa bei juu, watu wakawa wanachuma sukuma wiki mlangoni kwao. Ila kiweke kiroba juu ya matofali, kisikae chini moja kwa moja, siku ya kukihamisha kitako kisije kikabaki.

Mbolea mi natumia ya kuku, wafugaji wa kuku wa nyama wako kila mtaa na wanafurahi ukiwapunguzia. Lakini ikitoka bandani ina maranda na ina ukali, ukiiweka vile vile inaunguza mizizi. Iloweshe kidogo, ifunike, iache wiki kadhaa uwe unaigeuza. Ukiinusa ikawa haikutoi machozi, tayari. Na tafadhali iweke mbali na madirisha ya watu, amani ya uani ni muhimu kuliko chainizi.

Maji ndo mtihani wenyewe. Nyumba nyingi tunatumia kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi, ukimwagilia mfululizo kiangazi unaona majani yanaungua pembeni, kingo zinakuwa kahawia, na juu ya udongo kunaota ukoko mweupe. Maharage ya kijani hayawezi hayo maisha. Spinachi inavumilia sana tu, hiyo wala usiwe na wasiwasi nayo, mchicha nao unajitahidi. Kama una bomba changanya, na mvua ikinyesha toa viroba vyote vilowe mpaka maji yatoke chini, ndo dawa ya kuosha chumvi. Maji ya kuoshea mchele na mboga usimwage, ni mali. Ya sabuni ya kufulia hapana, yale ya suuzo la mwisho sawa, ila mwagia chini kwenye mpapai wa mama mwenye nyumba, sio kwenye majani utakayokula kesho.

Na hapo kuna bili. Maji tunachangia kwa vichwa, sasa mmoja akionekana na keni kila jioni wenzie wataanza kuhesabu, hawatakwambia ila utasikia tu mtu anapita anaongea na simu "watu wengine bwana wanalimia hela zetu". Mi niliongea nao mapema, nachangia zaidi kidogo, na matembele kila mtu anachuma, sharti moja tu, chuma ncha, usivute rando zima. Dada wa chumba cha mbele akiishiwa mboga saa kumi na mbili jioni hatoki tena kwenda gengeni. Toka hapo sijasikia simu yoyote.

Wadudu sasa. Adui wa kwanza wa bustani ya uani sio mdudu, ni kuku wa jirani, atafukua miche yote asubuhi moja wewe uko kwenye daladala. Chandarua kilichochakaa na vijiti vinne, umemaliza. Vidukari utawakuta chini ya jani, sio juu, geuza jani uangalie, wamejazana kwenye ncha changa na sisimizi wanawachunga. Twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni ya maji kidogo ishike kwenye jani, pulizia jioni jua likishapoa, rudia kila wiki na baada ya mvua. Masika konokono wale wakubwa wanatoka usiku, hao ni kuokota na tochi, hakuna ufundi.

Nyanya niseme ukweli wangu, kwa uani wa Dar ni mboga ya ubishi. Joto likizidi maua yanadondoka, mvua ikizidi unakuja ugonjwa wa bakajani, na siku hizi kuna kantangaze, kale kadudu kalikotoka Amerika Kusini kakaingia nchini mwaka 2014, kanachimba ndani ya jani na kwenye tunda, ukiona michirizi myeupe kwenye majani kata hayo majani uyatoe kabisa uani. Ukitaka kujaribu sia mbegu mwishoni mwa masika ili zikue na kutoa maua Juni hadi Agosti wakati wa ubaridi, na kama unataka kutunza mbegu zako chukua aina ya Tanya au Tengeru 97, sio chotara, mbegu za chotara ukirudisha shambani zinakuja mchanganyiko. Mi nyanya nanunua gengeni, nafasi yangu nawapa ngogwe, yaani nyanya chungu, na mpilipili.

Siku ya kuhama nayo inalimwa mapema. Ukishajua unatoka, acha kupanda chini mwezi na nusu kabla, kula kilichopo, panda kwenye viroba na ndoo tu. Siku tatu za mwisho usimwagilie viroba, kiroba chenye maji hata vijana wawili wa kubeba watakuongezea bei. Marando yakate asubuhi ile ile, yafunge kwenye gunia lililolowa, yanakaa siku mbili bila shida. Kirikuu moja inatosha vyombo na viroba kama utatanguliza viroba chini, godoro juu yake hapana, kuna watu wameshalala na mchwa kwa sababu hiyo. Sehemu uliyolima chini isawazishe na ufagie, mwenye nyumba anakagua na hela yako ya tahadhari iko kwake. Mchicha uliobaki mwachie anayekuja, mwambie na wapi umetoa marambo na wapi hujafika. Mpilipili wa kwenye ndoo naupakata mwenyewe pale mbele kwa dereva, ule unaishi miaka na umeshahama na mimi nyumba zaidi ya moja, siuweki nyuma na masufuria.